Sekunde Ishirini za Unga

Padri alimruka bibi yangu!

Mbele ya kanisa zima, huku kijijini Mnyambe. Bibi Dominika kapiga magoti, viganja kavipanga kupokea Komunyo... Padri Silvano akampita kama hayupo, akampa wa pembeni yake.

Na aliyemchongea bibi kwa padri ni mimi, Ethel, mjukuu wake. Nitukaneni tu.

Iko hivi. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika, ya tatu ilikuwa na miezi mitano. Nikatoka hospitali ya Mkomaindo, Masasi, nikaenda kwa bibi kupumzika.

Asubuhi moja namkuta chini ya mkorosho, anamwaga unga wa mtama kidogo kidogo, anaita marehemu wetu mmoja mmoja. Mimi mlokole, mwanakwaya, halafu bibi anatambikia mizimu na mimba yangu iko ndani ya nyumba yake?!

Nikatoa simu, nikarekodi kwa mbali. Kwa hasira niliyokuwa nayo, wala sikumsikiliza hadi mwisho.

Bando lilikuwa linaisha. Nikakata sekunde ishirini tu za mwanzo, nikatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazee wa kanisa, na padri yumo.

Jumapili ile tukirudi nyumbani, akaniuliza.

"Mjukuu wangu, nimekosa nini?"

"Sijui, bibi."

"Labda padri hakuniona. Macho yake siku hizi..."

Nikaitikia, "Labda." Jamani, na nilijua!

Jumapili tatu mfululizo alikwenda mbele, akarukwa. Ya nne hakuamka kitandani. Akaomba aletewe Komunyo. Padri akasema atubu kwanza.

"Nitubu nini?"

Akafa na swali lake.

Siku ya tatu ya msiba nikashikwa na hamu ya sauti yake. Nikafungua ile video nzima, dakika tatu, nikaongeza sauti.

Baada ya majina, bibi anasema:

"Bwana Yesu, hawa wote ni wako. Unga huu ni jasho letu, nakutolea kama padri wa zamani alivyotufundisha tukiwa wasichana, kwenye unyago wa kanisa. Mwachie Ethel huyu wa tatu. Kama lazima uchukue mtu, nichukue mimi."

Halafu akafanya ishara ya msalaba.

Nililia hadi sauti ikakauka. Nikampelekea padri simu. Akaitazama mara mbili, akavua miwani.

"Mbona hii hukunitumia, Ethel?"

"Na wewe padri, mbona hukumuuliza?"

Tukalia wote wawili.

Siku ya arobaini Padri Silvano alimwaga unga kaburini kwa mkono wake, akasema ile sala ya bibi neno kwa neno. Watu walijaa. Bibi mwenyewe alikuwa chini ya udongo.

Mwanangu sasa ana miezi minne. Anaitwa Dominika.

Ndugu zangu, kabla hujamwita mzee wako mchawi, muulize anamwomba nani. Mimi sikuuliza.

Kile kipande cha sekunde ishirini bado kinazunguka kwenye makundi, watu wanacheka. Nimeweka video nzima hapa chini. Naomba... kama una bando, msikilize bibi yangu hadi mwisho.