Usiitike Ukiitwa

Jumapili ya tarehe tano Aprili, siku ya kufagia makaburi, ndiyo siku mlima wa Jiufen ulipomporomokea Kho Bun-tek na mkewe. Mvua ilikuwa haijakatika tangu katikati ya wiki. Wakubwa wa wilaya walijua, maana mitambo ya kupimia wanayo, lakini barabara waliiacha wazi ili mabasi ya watalii yapande. Mtalii lazima anywe chai akitazama ukungu. Atakayefukiwa atajua mwenyewe.

Wawili hao walitoka Keelung asubuhi, wafagie kaburi la baba yake Bun-tek, mchimba dhahabu wa zamani, kisha warudi jioni. Walipofika, mkewe Gek-ha alijaribu kuwasha karatasi za pesa za kuwachomea wafu, akashindwa.

"Zimelowa chapachapa," alisema. "Mwaka huu baba mkwe ale keki za mchele tu. Mshahara angoje."

"Kuungoja kazoea. Mgodi ulimngojesha mpaka akafa."

Walikuwa bado wanacheka mlima ulipounguruma juu yao. Miti ilikuja imesimama wima, ikiteleza na udongo wake. Bun-tek alimshika mkewe mkono, mkoba wa keki na karatasi ukiwa bado begani kwa Gek-ha, wakakimbilia mdomo wa handaki la zamani la mgodi chini ya makaburi. Jiwe lilimpiga Gek-ha pajani hatua moja kabla ya kuingia. Kisha tope likaziba mlango nyuma yao, na mwanga ukazimika.

Bun-tek aliwasha tochi ya simu. Mtandao hakuna. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Damu ilichuruzika hadi kwenye kiatu. Aliufunga mguu kwa skafu na mpini wa mwavuli, halafu akatumbukiza mkono majini.

"Yanakwenda ndani. Yana pa kutokea. Tuyafuate."

"Nina kiu."

"Hayo usinywe, yana kutu na sumu ya mgodi. Subiri."

Alikinga matone ya darini kwa kifuniko cha mkebe wa keki, akamnywesha. Kisha akambeba mgongoni, maji ya rangi ya chungwa yakimfika magotini. Kila alipojikwaa kwenye reli ya zamani ya mgodi, Gek-ha aliguna kwa maumivu.

"Mzito wewe," Bun-tek alihema.

"Miaka yote unakula mapishi yangu, leo ndiyo unanipima kilo? Nyamaza utembee."

Baada ya kona ya mwisho waliona mwanga wa kijivu. Upande wa pili wa mlima! Lakini mdomoni palikuwa na geti la nondo, na juu yake mnyororo mpya unaong'aa. Wenye mamlaka walikuwa wamelifunga ili watu wasiumie. Bun-tek alilitikisa hadi viganja vikachanika.

Juu kabisa nondo moja ilikuwa imeliwa na kutu. Mtu mwembamba kama yeye angepenya. Mwenye paja lililovunjika, hapana. Alimrudisha mkewe nyuma ya kona, kwenye ukingo usiofikiwa na maji wala upepo, akamfunika kwa koti lake.

"Nafuata watu. Sikiliza, mama watoto. Unayajua ya humu."

"Nayajua. Mlimani mtu haitwi jina lake zima. Anayekuita hivyo si mtu."

"Usiitike ukiitwa. Hata ukisikia sauti yangu. Nikija nitagonga reli mara tatu. Ukisikia hivyo, nawe gonga."

"Haya nenda, mzee. Usinikawilie, nina baridi."

Alipenya, nondo ikimchana ubavu, akateremka mteremko wa nyasi uliogeuka uji. Karibu na barabara aliteleza, kichwa kikagonga ukuta wa mtaro. Zimamoto wa kujitolea walimkuta pale. Aliwahi kusema jina la mkewe na kuonyesha handaki kwa kidole, akazimia.

Watu wale walifika getini. Ufunguo hawakuwa nao. Walipiga simu ofisi moja, wakaambiwa waulize nyingine. Ya pili ikasema ni sikukuu, bwana mhusika hayupo. Basi wakasimama nje ya nondo na kipaza sauti: "Tsng Gek-ha! Tsng Gek-ha!" Jina zima, mara nyingi, likirudi na mwangwi mgodini. Hakuna aliyeitika. Wakaamua mgonjwa amechanganyikiwa, wakaenda kutafuta handaki jingine.

Bun-tek aliamka hospitali, nje kumeshaingia giza. "Mmegonga?" aliuliza. "Mmegonga reli?" Walimtazama kama mwehu. Aling'oa sindano ya maji mkononi, akawaambia walete mkasi wa kukatia chuma.

Getini aligonga reli mwenyewe, mara tatu. Akangoja. Akagonga tena.

Walipokata mnyororo walimkuta Gek-ha amekaa vilevile, koti limefungwa mpaka kidevuni, jiwe la kugongea mkononi. Masikioni alikuwa amesokomeza karatasi za wafu zilizolowa, asije akashawishika.

Siku ya kumteremsha mlimani, Bun-tek alitangulia na udi, na kila kona aliita kama inavyotakiwa, ili roho isipotee: "Gek-ha, tunakata kona, nifuate." Tangu hapo hajala keki za mchele, wala mvua ikinyesha halali.

Geti limewekewa mnyororo mwingine, mpya kuliko wa kwanza. Amekwenda ofisi zote mbili, na kote wanamkaribisha kiti na chai, naye ana swali lilelile: siku ile, ufunguo ulikuwa kwa nani?