Mkono Usioonekana Pichani

Haya yalimpata Régine, jirani yetu wa mtaa wa Makomeno huku Katanga, yule mwenye studio ya picha kando ya nyumba ya mama yake. Wateja wake ni watu wa harusi na watu wa misiba. Akiletewa picha ya marehemu iliyochanika, huunga vipande mpaka ufa usionekane, kisha hutafuta rangi ya uso mpaka ndugu waseme: ni yeye.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa na kazi ya aina nyingine. Stanislas, anayefundisha chuoni Kasapa, alitaka picha kubwa ya roboti iliyoko kwenye sayari ya Mirihi, ile inayojipiga picha yenyewe. Wanafunzi wake wangeitundika ukutani siku ya maonyesho.

"Roboti inanyoosha mukono, inajipiga kapande kwa kapande," alimweleza. "Weye utaunga. Pale fasi mukono inaonekana, unafunika na kapande ingine yenye kuwa na budongo tu. Ukimaliza, mukono haiko tena."

"Na kivuli yake?"

"Ile inabakiaka chini. Bantu benye kuangaliaka habaionake."

Vipande vilikuwa vimepauka. Mgongoni mwa roboti kulikuwa na kibao cha rangi, kilichowekwa huko ili fundi wa duniani ajue rangi ipi ni ya kweli. Régine alikiangalia, hakukiamini. Kilikuwa kimejaa vumbi. Na mtu wa Katanga afundishwe wekundu wa udongo na kibao?

Kwenye simu yake kulikuwa na picha aliyotumiwa asubuhi hiyo na mdogo wake, Merdi, mchimbaji wa shaba kwa sururu na kamba. Kiganja wazi, juu yake konzi ya udongo wa shimo jipya. Kidole cha mwisho kimepinda. Kiliingia kwenye mnyororo wa baiskeli alipokuwa mtoto. Régine alichukua rangi ya udongo ule, akavipa vipande vyote. Mirihi ikawa nyekundu kama inavyopaswa kuwa.

Mama Mado, mama yao, aliingia na kikombe cha chai. Akasimama nyuma ya kiti.

"Hii budongo ni ya wapi?"

"Ya ku Mars, mama. Rangi tu njo ya mu shimo ya Merdi."

Mama hakuweka kikombe chini. Wachimbaji hukung'uta buti mdomoni mwa shimo kila wanapotoka, na Merdi hakuwahi kuvuka kizingiti na zake. Régine alijua. Alidhani ni mambo ya usafi wa buti tu.

"Budongo ya shimo haiingiake mu nyumba," mama alinong'ona. "Ikiingia, shimo inatafuta mukono yenye iliichota."

"Mama, ni photo."

"Na miye niko naiona mu nyumba."

Régine alicheka kidogo, akaiamuru kompyuta ianze kuunga.

Kazi ilianzia juu, kwenye anga, ikashuka taratibu. Mkono wa roboti ulifutika kipande baada ya kipande, kama Stanislas alivyosema. Mbele ya gurudumu palibaki kitu kimoja. Kilisimama kutoka ardhini, chembamba. Régine akadhani ni kipande cha ule mkono. Akakuza picha.

Ulikuwa mkono wa mtu, kuanzia kiwiko. Kidole cha mwisho kimepinda.

Akafungua kipande cha asili, kabla hakijatiwa rangi. Mawe na mchanga. Akarudi kwenye picha inayoungwa. Sasa mkono ulianzia katikati, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Akampigia Merdi, ambaye asubuhi alikuwa amemsimulia kazi ya Mirihi.

"Yaya, ku Mars kuko cuivre? Utuitie." Alikuwa akimtania dada yake kuhusu shaba huku akitafuna. Wenzake walicheka nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Pa mulango ya shimo. Tuko nakula bukari."

"Usishuke leo. Merdi, nakuomba."

"Juu ya nini?"

Angesema nini? Kwamba amemwona kwenye sayari nyingine?

"Ni mama njo anasema," akajibu.

"Mama anasemaka vile tangu nianze. Nashuka paka mara moja tu, tunapandisha mifuko, narudia. Simu nampatia Gérard. Njo yeye anashika kamba."

Alipopiga tena, Gérard ndiye aliyejibu. "Ameisha kushuka, yaya."

"Umuvute."

"Nimuvute namna gani? Ameisha kufungua kamba, iko kule ndani."

"Umuite basi."

Alimsikia Gérard akiita. Akaita tena. Kisha mtandao ukakatika.

Kwenye kioo cha kompyuta kilibaki kiganja tu. Régine akaiamuru mashine isimame. Haikusimama. Akaifunga programu. Haikufungika. Akachomoa waya ukutani. Betri ya akiba ikalia, taa ikawaka, kazi ikaendelea. Akaichomoa nayo.

Kioo hakikuzima.

Vidole. Ncha za vidole. Kile kilichopinda kilikuwa cha mwisho.

Kisha udongo, laini, bila ufa.

Nyuma yake mama aliweka kikombe chini.

Gérard alipopiga simu jua lilikuwa bado juu. Shimo limejifunga, alisema. Walichimba siku hiyo na iliyofuata. Waliipata kamba, fundo likiwa limefungwa tena, kama la mtu aliyejiandaa kuvutwa. Merdi hawakumpata.

Régine aliifuta picha ile, na alfajiri aliikuta imerudi. Stanislas alipokuja matanga aliiona kwenye kioo. Akainama, akatafuta mahali vipande vilipokutana. "Haionekane fasi umeunga," alisema kwa upole, akidhani anamfariji.

Gérard alileta simu ya Merdi, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Tangu akabidhiwe, aliapa, haikutoka mfukoni mwake.

Régine akafungua picha. Ya mwisho ilipigwa Jumamosi hiyo, baada ya shimo kujifunga. Hapakuwa na shimo ndani yake, wala watu, wala mti. Uwanja mwekundu mpaka mwisho wa macho. Anga la rangi ya vumbi. Alama za magurudumu, zikipita karibu, kisha zikitokomea.

Na chini kabisa, kivuli cha mtu aliyenyoosha mkono kujipiga picha. Mkono wenyewe haukuonekana.