Gari Chini ya Mabati

Ndugu zangu, huko mlimani Kirolirwe, mwaka wa 1953, nyumba ya Evode ilikuwa na amani. Kila asubuhi mke wake Mukasine alikamua ng'ombe wao wawili, na binti yao Nyiraneza akanywa maziwa ya moto kabla ya kwenda masomo. Evode alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la pareto, mtu mpole asiyelewa pombe. Kila mtu alimsifu.

Kisha mwenye shamba akamwachia gari lake la zamani, lililokaa miaka mingi bila kuwaka. Evode akalipenda. Aliapa atalifufua, awe mtu wa kwanza mlimani pale kuendesha gari lake mwenyewe. Ng'ombe mmoja akauzwa apate matairi, wa pili akauzwa apate vyuma vya motere, yaani injini. Akalijengea kibanda cha mabati, manjanja tunayoyaita sisi, ili mvua isiliguse. Nyumba ikabaki na paa lake la nyasi, nazo zikaoza.

Mukasine alipolalamika, aliambiwa angoje kidogo. Alingoja miaka minne. Siku moja motere iliwaka, majirani wakapiga makofi, lakini vitesi, meno ya gia, vilikuwa vimevunjika na gari halikusogea.

Mwaka huo wa nne mvua ilinyesha juma zima. Mukasine, mwenye mimba kubwa, akashikwa na homa ya mapafu. Majirani wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka kwa muganga wa hospitali. Muganga aliuliza wanalala wapi. Mukasine ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, akimgeukia mume wake:

"Papa Nyiraneza, sisi tunalala mu maji, gari iko inalala chini ya manjanja. Nikikufa, utaambia mutoto nini?"

Evode alirudi nyumbani akiona haya, akatuma watu wamwite Hilaire, mfanyabiashara wa Kashebere. Hilaire alisikiliza motere ikinguruma, akauliza kama gari linatembea. Tangu alipomwita, Evode alikuwa amepanga kusema limekosa essence tu, yaani petroli. Lakini akasema kweli:

"Hapana, kaka. Motere iko muzima, lakini vitesi vimekufa. Nilishindwa kuimaliza."

Hilaire akasema hataki liende popote. Alitaka motere tu, ya kuzungusha kinu cha mahindi; vingine angevikatakata. Evode aliomba alifungue yeye mwenyewe, skurubu moja moja. Alifanya kazi hiyo siku mbili.

Mabati ya kibanda yakapanda juu ya nyumba, na kwa pesa za motere mtamba mmoja akanunuliwa. Mukasine alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Fundisho

Ndugu, kupenda kazi ya mikono yako si dhambi, na Evode hatumcheki. Lakini usilishe tamaa ya moyo wako jasho la watu wa nyumbani bila kuwauliza. Ukiona kazi inawala wanao, iuze hivyo hivyo, hata kama haijaisha. Aibu yake utaibeba miezi michache. Evode anabeba kaburi dogo mpaka leo.