Picha ya Nyuma ya Kanisa

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Anyosisye alikuwa akibeba mtungi mpya kichwani na kuupeleka kwa mtu aliyeununua. Mama yake, Neli, alikuwa mfinyanzi, mzaliwa wa Ikombe, kule ambako wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono yao mitupu. Alipofiwa na mumewe alipanda mtumbwi na binti yake, wakahamia kijiji cha misheni upande wa Mwaya, kwa sababu huko ndiko wanunuzi walikokuwa. Kijiji kilikuwa na jina lake la zamani, lakini siku hizo za Wadachi kila mtu alikiita Kanisani, basi.

Na kanisa lenyewe lilistahili kuitwa hivyo. Lilikuwa la matofali, lenye mnara na paa la bati, na ukuta wake wa mbele, ule unaotazama ziwa, ulipakwa chokaa kila mwaka. Watu walitoka Busale na Talatala kwa miguu kuja kuliangalia tu. Picha zake zilikwisha kupigwa mara nyingi, zote kutoka mbele, zikapelekwa Ulaya kwa meli. Nyuma hakuna aliyejishughulisha nako. Kulikuwa na mashimo ya udongo, kichaka cha migomba, na mfereji uliochimbwa zamani kuleta maji ya kufyatulia matofali.

Sasa, Neli alikuwa na desturi yake katika biashara. Hakupeleka mtungi mtupu kwa mnunuzi hata siku moja. Ulikwenda umejaa maji, ili mwenye kununua aone mwenyewe kwamba hauvuji, na maji yale yalikuwa zawadi, wenye nyumba wakayanywa. Alimwonya bintiye ayachote kwenye chemchemi ya juu, penye mawe. Mwalimu Ezra naye alikuwa amekataza shuleni kunywa maji ya mfereji.

Lakini jamani, njia ya chemchemi! Ilipanda mlima kwenye udongo mwekundu unaoteleza, na mtungi uliojaa si mzigo wa kuchezea. Anyosisye alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikwenda vizuri kwa muda mrefu, hatuwezi kumnyima sifa hiyo. Kisha siku moja aliamka amechelewa, akapita nyuma ya kanisa, akachota mferejini. Maji yalionekana safi. Mnunuzi alimshukuru, “Ndaga,” akanywa, hakudhurika. Mama alipomuuliza kama amefika chemchemini, alijibu kwamba amefika. Basi uvivu ukanoga. Tangu siku ile akawa haupandi mlima tena.

Baada ya mavuno ya mpunga, serikali ilileta wapagazi wengi wa kubeba mizigo yake, wakapiga kambi mahali fulani nyuma ya migomba. Hakuna aliyekwenda kuwatazama. Haukupita muda, ugonjwa ukaingia kijijini. Ulikuwa ni kuhara damu. Ulianza nyumbani kwa Eliya mvuvi, ukamchukua mama yake mzee. Ukaingia nyumba ya pili, na ya tatu. Halafu ukaingia kwa Mwalimu Ezra.

Mwalimu Ezra na mkewe Maria walikuwa na mtoto mmoja tu, Elizabeth, aliyekaa benchi moja na Anyosisye na kugawana naye kila kitu, hata ndizi ya kuchoma. Anyosisye mwenyewe ndiye aliyewapelekea mtungi. Elizabeth aliupokea huku akicheka, akachovya kata, akanywa mpaka maji yakamtiririka shingoni. Jumapili iliyofuata walimzika.

Je, Anyosisye alijua? Alijua, na hakutaka kujua. Wazo lilimjia alipokuwa amesimama kaburini, akalifukuza. Likamrudia kitandani, akajifunika shuka mpaka kichwani. Alijiambia kwamba maji ni maji.

Watu nao walianza kuhesabu mambo kwa namna yao. Kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa na mtungi mpya wa Neli. Nyumba ya Neli peke yake haikuwa na mgonjwa. Hawakujua kwamba maji ya kunywa ya nyumbani kwake Neli aliyafuata chemchemini mwenyewe, alfajiri, kabla hajashika udongo. Mnong'ono ukaanza ufukweni, ukaishia mlangoni pake: mwanamke wa Ikombe ni mchawi, anaufinyanga ugonjwa ndani ya mitungi.

Zamani angenyweshwa sumu ya mwavi ili ajulikane. Misheni ilikuwa imepiga marufuku jambo hilo, na mchungaji alikuwa safarini milimani. Wazee wakakata shauri lao: Jumamosi Neli aitwe mbele ya kanisa, mitungi yake ivunjwe, naye afukuzwe. Na afukuzwe aende wapi? Habari za namna hiyo hutangulia mtumbwi. Hata Ikombe nani angenunua chungu kutoka mkononi mwake? Mwalimu Ezra hakusema ndiyo wala hapana. Alikaa ndani na mkewe, mlango umefungwa.

Ijumaa, mtu mmoja kutoka Talatala ambaye hakuwa amesikia habari hizo alinunua mtungi. Neli, macho yamemvimba, alimwambia binti yake akaujaze chemchemini. Safari hii Anyosisye hakuzuiwa na uvivu. Aliogopa. Njia ya mlimani ilijaa wasichana wenzake, na jana yake walikuwa wamemrushia mawe wakimwita mtoto wa mchawi. Akazunguka nyuma ya kanisa, akainama mferejini.

Alipoinua kichwa aliona kitu juu ya mawe, mlimani. Kilikuwa na miguu mitatu na kitambaa cheusi, na jicho lake moja lilimwelekea yeye. Mtungi ulimponyoka, ukapasuka vipande vipande. Nyumbani alisema ameteleza kwenye njia ya chemchemi. Neli aliitazama miguu yake, isiyo na hata chembe ya udongo mwekundu. Akaurudia udongo wake. Siku ile alikuwa na mzigo wake wa kutosha.

Mwenye kamera alikuwa Eliud, kijana aliyejifunza kazi ya picha Dar es Salaam kwa Mgoa mmoja. Mchungaji alikuwa amemwagiza apige picha ya kanisa. Alipofika aliutazama ukuta mweupe wa mbele, akasema kwamba upande ule umepigwa mpaka umechoka. Akapanda na vyombo vyake mpaka kwenye mawe ya nyuma. Jioni ile aliisafisha picha katika stoo ya shule, na Jumamosi asubuhi akakiweka kivulini barazani kioo chenye picha hiyo, kikauke kabla ya kuchapwa kwenye karatasi. Hakujua lolote la kesi ya kijijini. Alimwona msichana amekaa peke yake kwenye ngazi, akamwomba amwangalizie kioo, mbuzi wasikiguse wakati yeye anakula.

“Kanisa hili hakuna aliyewahi kuliona hivi,” alimwambia kwa majivuno, akaenda zake.

Anyosisye alikisogelea kioo. Mwanzoni hakuelewa, kwa maana kila cheusi kilikuwa cheupe na kila cheupe kilikuwa cheusi. Macho yalipozoea akauona mnara, kwa nyuma. Akauona mfereji. Na kando ya mfereji akamwona mtu mdogo kama ukucha, ameinama na mtungi. Alijijua.

Hilo alilitegemea. Ambalo hakulitegemea lilikuwa juu zaidi. Aliufuata mfereji kwa macho, ukapita nyuma ya migomba, na huko, mahali pasipoonekana kutoka kijijini, kulikuwa na vibanda vya wapagazi. Watu wengine walikuwa wanafua. Wengine walikuwa wamechuchumaa kando kabisa ya maji, na kila mtu anajua mtu huchuchumaa hivyo kwa haja gani. Kutoka kwao mpaka kwenye mtungi wake ulikuwa ni mfereji mmoja.

Alimkumbuka Elizabeth na kata yake.

Kutoka upande wa mbele zilisikika sauti za watu wakikusanyika. Kioo kilikuwa chembamba. Jiwe moja tu, kisha angesema ni mbuzi, na hakuna ambaye angejua kamwe. Mama angefukuzwa, naye angeongozana na mama, na siri ingekwenda nao mtumbwini. Aliokota jiwe kabisa, tusimfiche. Alilishika mpaka likapata joto la kiganja chake. Kisha akalitupa, akakinyanyua kioo kwa mikono miwili, akazunguka kanisa.

Neli alikuwa amesimama katikati ya watu, kilemba kimevuliwa, mitungi yake imepangwa miguuni pake. Eliya mvuvi alikuwa akisema, fimbo mkononi. Mwalimu Ezra alikuwa ameketi pembeni, amekuja mwishowe.

“Mama si mchawi,” Anyosisye alisema. “Maji ndiyo mabaya. Niliyachota mferejini, nikasema ni ya chemchemi.”

Wengine waliguna kwamba mtoto anamkinga mama yake. Akamnyooshea Mwalimu Ezra kile kioo. Mwalimu alisimama nacho, akakiweka mbele ya ukuta mweupe wa kanisa ili aone vizuri, na kwenye ule ukuta waliojivunia miaka yote akauona mgongo wa kanisa lao.

“Mtungi ulioniletea mimi,” aliuliza, “uliujaza wapi?”

“Mferejini, mwalimu.”

“Nami nilikuuliza, ukaniambia chemchemini.”

“Ndiyo, mwalimu.”

Ezra aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Eliya akainua fimbo amwendee mtoto, lakini Ezra alimshika mguu, akamwambia yatosha. Kisha akawaomba wazee wapande wakaone kwa macho yao.

Wakaona. Msimamizi wa wapagazi alisema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna watu wanaokunywa maji yale. Kambi ikahamishwa, mashimo ya choo yakachimbwa mbali, na mfereji ukafukiwa. Wagonjwa wakapewa maji ya chemchemi yaliyochemshwa. Hata hivyo ugonjwa haukuondoka siku moja. Mtoto mwingine alizikwa wiki ile. Neli alibaki kijijini. Eliya alimletea samaki, akawaweka mlangoni, akaondoka.

Nyumbani Neli hakumchapa binti yake. Anyosisye alitamani angechapwa. Mama alimwambia tu: “Ulidhani umenidanganya mimi. Uongo wako ulifika mpaka kwenye nyumba za watu, ukanywewa na watoto.” Kisha akampa mtungi, mzuri kuliko yote aliyobaki nao, akamwambia ajue pa kuupeleka.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Ezra alitundika ukutani picha ya Eliud iliyochapwa kwenye karatasi. Eliud alikuwa amejitolea kupiga nyingine, isiyo na mtu mferejini. Mwalimu alikataa.

“Kanisa ni lile lile,” aliwaambia watoto. “Mbele tulipaka chokaa, tukasifiwa. Nyuma hatukutazama, na nyuma ndiko kifo kilikoingilia. Mimi nilikataza maji yale, lakini sikupanda kuona yanatoka wapi. Kosa hilo ni langu. Kazi ifanyeni vizuri hata pasipokuwa na mtu wa kuwaona. Na mkikosea, semeni mapema. Ukweli uliokuja Jumamosi ungekuja wiki mbili kabla, benchi hili lisingekuwa na nafasi.” Akageukia ukuta. Anyosisye alilia bila kujificha, na hakuna aliyemcheka.

Kila asubuhi tangu hapo alipanda mlima na mtungi ule, akaupeleka kwa Mwalimu. Siku ya kwanza Maria alimfungulia mlango, amekonda, nguo za msiba bado mwilini.

“Ugonile, mama,” Anyosisye alisalimu.

Maria hakuitikia. Aliuliza maji yametoka wapi.

“Chemchemini, mama.”

Maria aliinamisha macho, akaitazama miguu ya yule msichana. Ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Ndipo akachukua kata, akachovya, akanywa taratibu mpaka ikaisha.

“Kesho pia nitaitazama miguu yako,” alisema. “Na keshokutwa, na siku zote, mpaka siku nitakapoweza kunywa bila kutazama. Siku hiyo siijui, mwanangu. Wewe panda tu.”