Mama wa Boma la Simu

Nzembi akitoka shule, kazi ya kwanza ilikuwa maji. Mifereji ya mtaa wao hapo Kitengela ilipitishwa mwaka wa kura, na tangu kura ziishe haijatoa hata tone. Alisukuma mitungi miwili kwa wilibaro hadi kisimani, akarudi, akamsongea ugali baba yake, Musila, mchonga mawe. Kisha alichukua simu, akaingia Enkang'.

Enkang' ni boma kwa Kimaasai. Hili lilikuwa boma la mchezo wa simu, lililojengwa na watoto wa Kitengela, Bisil na Kajiado ambao hawakuwahi kuonana. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kuchorwa. Walikuwa na desturi zao pia. Mdogo alimwinamishia mkubwa kichwa, naye mkubwa akakigusa, kama Wamaasai wanavyosalimiana. Na ilikuwa mwiko kuuliza, "Kwani wewe ni nani?"

Mtu wa Nzembi alikuwa mwanamke aliyevaa kitenge aitwaye Mama Celine. Celine lilikuwa jina la mama yake, aliyefariki mwaka uliopita. Siku mtoto wa kwanza alipomwinamishia kichwa, Nzembi alihisi kama mama amerudi kidogo. Tangu hapo aliwajibu wote kama mama: umekula? Umefanya homework? Nao walimwamini.

Alhamisi Shiro wa Kajiado aliandika: "Mama, tumbo linaniuma upande wa kulia. Hospitali wataniambia tu nirudi kesho."

"Pole, mwanangu. Kunywa maji moto na tangawizi, ulale."

Ijumaa Shiro alikuwa anatapika. Nzembi hakujua la kusema, lakini aliona mama hawezi kusema hajui. "Endelea tu. Itaisha," akaandika.

Jumamosi mchana mtu wa Shiro alikuwa amelala chini mlangoni pa Mama Celine. "Siwezi kusimama. Tumbo ni gumu kama mbao. Ninywe tena?"

Nzembi aliinua macho kutoka kwenye simu. Baba yake alikuwa pale pale, anakula.

"Baba, kuna msichana atakufa. Anafikiri mimi ni mtu mzima. Anafikiri mimi ni Mama Celine."

Tonge lilibaki mkononi mwa Musila. "Umetumia jina la Celine?"

"Ndiyo, Baba."

Hakumpiga. "Mwambie wewe ni nani. Halafu umwombe namba ya mamake. Sasa hivi!"

Nzembi aliandika. Jibu likaja: "Wacha jokes, Mama."

"Si jokes. Niko Grade 7 kama wewe. Mama yangu alikufa. Sijui kitu juu ya tumbo lako. Nipe namba."

Shiro akajibu: "Mwongo wewe." Kisha, chini yake, namba.

Mugure, mama yake Shiro, alikuwa sokoni akiuza supu. Musila alipompigia simu na kumwambia akimbie nyumbani, alidhani ni tapeli. "Mtakufa vibaya nyinyi!"

"Nitukane, mama, lakini ukitukana tembea!"

Mugure alitembea. Jioni ile Shiro alipasuliwa hospitalini, kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka ndani. Siku tatu hakuna aliyejua kama angepona. Siku ya nne Mugure alipiga simu kusema binti yake ataishi, ila atalala wodini muda mrefu. Nzembi aliomba kumsalimia.

"Amekataa kuongea na wewe," Mugure akasema, akakata.

Nzembi alilia. Musila alikaa kando yake.

"Mimi huwalaumu wakubwa wa serikali, na nitawalaumu mpaka nizikwe," alisema. "Mamako alipougua, wauguzi walikuwa kwenye mgomo kwa sababu ya hao hao wakubwa. Hospitalini tulimkuta mtu mmoja tu, amevaa koti jeupe. Akasema tumrudishe nyumbani apumzike. Baadaye nikajua alikuwa mfagiaji. Hakuwa na roho mbaya. Aliona haya kusema hajui."

Nzembi hakuwa amewahi kuambiwa hayo.

"Hayo ni ya wakubwa. Hili la Shiro ni lako, siwezi kuwatwika wao. Hata kwenye simu, nyuma ya ule mchoro kuna mtu, na anaumwa kweli. Kama hujui, sema hujui, umwite anayejua. Sasa waandikie wenzako. Wote."

Nzembi akafuta machozi, akaandika: "Mama Celine alifariki mwaka jana. Mimi ni Nzembi. Nina miaka kumi na miwili. Sijui dawa yoyote."