Kikopo cha Ugoro

Tki! Kifuniko cha kikopo kilifunguka gizani, kabla jogoo hajawika. Odeta alijivutia shuka. Alijua kinachofuata: chafya ya mama, nyingine, kisha mfululizo.

Baba alikuwa ng'ambo ya kivuko cha Busisi, kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na tangu mvua za vuli hakuwa ameleta habari. Nyumba yao ya Butimba ilikuwa na watu wawili na kimya kingi. Ndiyo maana Odeta alimngoja kwa hamu mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama. Angalau angepata wa kuzungumza naye.

Mama alichekecha dagaa wakavu wa kuuza, na vumbi lao lilimziba pua. Usingizi hakuupata. Jirani yao, Mama Luhaga, akamletea ugoro.

"Nusa tu. Bibi zetu walinusa, na sisi tukazaliwa!"

Mama akamwonya Odeta, "Hili liishie humu humu ndani."

Siku ya kliniki, nesi Teodora alipima tumbo, akakunja uso. "Mtoto hakui inavyopasa. Kuna dawa unayotumia?"

"Hakuna, nesi."

Odeta alitazama sakafu. Akisema, mama atamkasirikia, naye hana mwingine. Asiposema, je, mtoto?

"Shikamoo, nesi," alisema. "Mama ananusa ugoro kwa sababu ya mafua."

"Marahaba, mwanangu." Nesi akamgeukia mama. "Huo ni mzio. Pua yako inalikataa vumbi la dagaa. Mafua hayo hayamfikii mtoto, ila tumbaku inamfikia. Inamnyima hewa na chakula. Jifunge kitambaa puani ukichekecha. Safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mafua yakizidi, njoo hapa, usijitibu."

Walirudi nyumbani. Mama alitangulia, hakugeuka nyuma. Odeta aliosha vyombo peke yake uani, machozi yakidondokea sufuria. Mara akasikia kitu kikitumbukia chooni.

"Mama Luhaga akiuliza," mama alisema kwa sauti ya puani, "mwambie ugoro wake umekwenda kuoga."

Tangu siku hiyo, Odeta ndiye aliyechekecha dagaa, kitambaa usoni.

Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akalia mpaka Mama Luhaga akaja mbio.

"Siku ile uliniudhi, mwanangu," mama alisema. "Lakini siri inayomdhuru mtu haifichwi, hata ikiwa ya mama yako."

Odeta akamwinamia mdogo wake, akamwambia kwa sauti, "Mimi naitwa Odeta."