Mfupa Chini ya Dhahabu

Kwetu milimani mtoto hujua kupuliza kabla hajajua kulima. Kila asubuhi mimi hugeuza mikate ya mahindi jikoni, na tarumbeta ya shemeji yangu Eleuterio husikika ng'ambo ya ukuta. Marehemu mume wangu, kaka yake, alipiga ngoma katika bendi ya kijiji, ile ile anayopigia yeye.

Asubuhi moja wimbo ulikatika katikati. Nikaenda kuchungulia. Mkewe, Odilia, alisimama mlangoni na ufagio.

"Ametema damu tena," akasema.

"Damu kidogo tu," akajibu Eleuterio. "Shemeji, usianze."

"Fungua mdomo."

"Umekuwa daktari lini?"

"Fungua, au namwita padri."

Akacheka, akafungua. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa na pete za dhahabu. Kwetu dhahabu mdomoni ni heshima. Meno yale yalipoanza kulegea, alimwendea sonara wa sokoni ayafunge pamoja. Na kwa kuwa fizi zilitoka damu, aliacha kuzipiga mswaki. Akawa anasukutua kwa pombe ya mezkali.

"Unasukutua au unameza?" Odilia akamchoma.

Niligusa jino. Likacheza chini ya kidole changu. Eleuterio akainamisha macho. Bila meno ya mbele hakuna tarumbeta, na yeye hana kazi nyingine aipendayo.

Tukashuka naye hadi kliniki. Daktari Nereida alimwekea mdomoni kipande kidogo cha kunasa picha. Mashine ikalia, na picha ya eksirei ikatokea kwenye kioo cha kompyuta.

Nimezika watu wengi, na mifupa ya wafu nimeiona. Lakini mfupa wa mtu aliye hai, anayepumua kando yangu, sikuwahi kuuona. Nikafanya ishara ya msalaba.

"Hiki cheupe kabisa ni nini, binti yangu?" nikanong'ona.

"Ni dhahabu, mama. Miale haipiti. Jino na mfupa ni vyeupe kidogo. Penye giza, miale imepita."

Akaonyesha meno ya pembeni. "Mzizi ni huu, na mfupa ndio udongo wake. Mfupa unapanda hadi karibu na shingo ya jino. Pamebaki unene wa sarafu tu. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa tazameni mbele."

Kidole chake kikashuka. Kikazidi kushuka. Nami nikashika mkufu wangu wa rozari.

"Mfupa unaanzia hapa. Theluthi ya mzizi haina kitu cha kuishika."

"Na mwiba huu ubavuni mwa jino?" nikauliza.

"Ukoga ulioganda ukawa jiwe. Pete imeuficha, mswaki haufiki. Vijidudu vinakaa humo, fizi zinavimba, mfupa unaliwa."

"Lakini niliyafunga yasianguke!" Eleuterio akasema.

"Ulifunga nguzo kwa nguzo, mzee, na huku udongo unamomonyoka."

Eleuterio akayagusa meno yake. Kisha akasema, "Basi yang'oe."

"Nani kasema kung'oa? Theluthi mbili bado zimeshikwa. Mfupa uliokwenda haurudi wenyewe. Uliobaki tutaulinda."

Picha haionyeshi kila kitu, kwa hiyo alipima pia kina cha fizi kwa kijiti chembamba. Akampima na sukari, maana ikizidi huharibu fizi. Ilikuwa sawa. Akaondoa pete, akakwangua ule ukoga chini ya fizi. Akamfundisha kuinamisha mswaki laini pale jino na fizi vinapokutana, asubuhi na usiku, na kupitisha kiburashi kati ya meno.

"Damu isikufanye uache kusafisha," akasema. "Damu ndiyo inakuambia usafishe."

Sikukuu ya mtakatifu wetu mwaka ule Eleuterio alipiga matoazi, maana tarumbeta ilibidi ingoje fizi zipone.

"Hayo hayahitaji meno!" vijana wakamtania. Akacheka nao, lakini nilimwona akiitazama tarumbeta ya mwenzake.

Mwaka uliofuata tulirudi kliniki. Daktari akaweka picha mpya kando ya ile ya zamani. Mpaka wa mfupa ulikuwa pale pale, na ukingo wake sasa ulionekana wazi, mweupe kama uzi.

"Umetulia," akasema daktari.

Nililia. Mungu huona mifupa yetu bila mashine. Sisi ametujalia kuchungulia kidogo.

Eleuterio alimpa sonara zile pete. Zikafuliwa kuwa jino dogo la dhahabu, tukalitundika kwenye joho la sanamu ya mtakatifu, kama tufanyavyo tunaposhukuru. Siku ya sikukuu alisimama mbele yake na tarumbeta. Alipopuliza, jino lile la dhahabu likatikisika.

Ya mdomoni hayakutikisika.